Nanhku, Mfagiaji wa Njia ya Ua wa Chumvi

Nyie mnaoonja dengu na kuongeza chumvi, mkaonja tena na kuongeza, hamjui kitu. Enzi zangu chumvi ilikuwa na askari. Serikali ya wazungu ilipanda ua wa miiba mrefu kuliko mtu juu ya ngamia, mwanzo wake hatuujui wala mwisho wake, ili chumvi ya upande wa magharibi isivuke kuja kwetu bila ushuru. Mimi nilizaliwa upande wa chumvi rahisi nikaozwa upande wa chumvi ghali. Hiyo ndiyo akili ya baba yangu, Mungu amsamehe.

Nanhku alikuwa askari wa kipande chetu. Jioni alifagia njia ya vumbi iliyopita kandokando ya ua, na alfajiri akaisoma. Aliyevuka usiku lazima aache unyayo. Sheria iliwakataza askari kuzoeana na wanakijiji, na sisi hatukuhitaji sheria, tulimchukia kama upele. Watoto walimwita Fagio. Mimi pia nilimwita hivyo, nisijifanye mwema leo.

Basi mtu yule aliishi miaka saba kibandani bila wa kumwambia hata "umeamkaje." Mkewe alikufa huko kwao Gonda, akapata habari baada ya miezi mitatu. Alibakiwa na binti mmoja, Rajwanti, ambaye alimwacha ana miaka saba, akilelewa na kaka yake Nanhku. Kaka aliwahi kumtumia kitambaa chenye unyayo wa mtoto uliopakwa rangi nyekundu. Askari aliyemaliza miaka saba bila doa alipewa likizo ya kwenda kwao. Siku ninazowasimulia Nanhku alikuwa amebakiza siku mbili, na huko Gonda walikuwa wanamsubiri yeye tu ili Rajwanti, aliyeozwa udogoni kama sisi sote, apelekwe kwa mumewe. Akishapelekwa ni mtu wa watu, baba hamwoni tena. Haya yote alinieleza baadaye.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Mama mkwe wangu alikuwa na ulimi, we! Kila mlo: "Kwao chumvi wanalisha ng'ombe, yeye kaja na mikono mitupu." Yakanifika shingoni. Usiku mmoja, mtoto wangu akiwa amelala, nikaenda kwa mama kupitia tundu la mbweha chini ya ua, na kabla hakujapambazuka nikarudi na chumvi ngumi mbili, nimeifunga kwenye pindo la sari. Pindo likanasa kwenye miiba. Nilipojinasua na kuinua kichwa, Nanhku amesimama juu yangu na fagio lake.

"Baba, nihurumie," nikasema. "Nina mtoto wa kunyonya."

"Chumvi kiasi gani?"

"Ya dengu tu, baba. Mama mkwe ananisimanga."

"Kwa ngumi mbili unataka kwenda jela? Una akili wewe?" Akaziangalia nyayo zangu kwenye vumbi, na alama za pete za vidole vya miguu zinazovaliwa na wake za watu. Akaupima mmoja kwa mpini wa fagio, nikadhani ananipigia hesabu ya miezi ya jela. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Wangu kumi na minne," akasema. "Mguu wake utakuwa sawasawa na huu. Haya, toka hapa kabla sijabadili mawazo. Kimbia!"

Nilificha chumvi ndani ya mtungi mkavu niliouacha kisimani tangu jioni, nikajitia nachota maji, hatua arobaini tu kutoka njiani. Nikamwona anafagia. Jua lilipochomoza akaja msimamizi wao, Ilahi Bakhsh, juu ya farasi mwembamba. Akashuka, akainama, akatembea huku na huku.

"Nanhku, usiku wa leo panya wote wamehama?"

"Sijui, bwana."

"Kware je? Mbweha? Jana hapa palikuwa kama sokoni. Leo hata mdudu hakupita?" Akasimama wima. "Njia hii imefagiwa asubuhi. Nani kavuka?"

Mtu aliyesoma vumbi miaka saba akasahau kwamba vumbi tupu nalo linasomeka!

"Taja jina, uende kwenu keshokutwa," msimamizi akasema. "Umekula chumvi ya serikali na mshahara wake, usiisaliti."

Nanhku akageuka akatazama kisimani. Tukaonana macho kwa macho. Kisha akasema, "Sikuona mtu, bwana. Nilifagia kwa mazoea."

"Basi miaka saba ianze upya, kuanzia leo."

Ningesema. Neno moja tu, "mimi." Sikusema. Nilibeba mtungi wangu nikaenda nyumbani, na mama mkwe akala dengu, akasema chumvi imezidi.

Rajwanti akapelekwa kwa mumewe bila baba. Kaka yake Nanhku akaleta barua kwamba binti aliuliza mara tatu kama baba yake yu hai, na mwaka uliofuata kaka naye akafa. Miaka mingine ikapita, serikali ikauacha ua wake uliwe na mchwa. Askari wakaenda makwao wakiimba. Nikamfuata Nanhku nikamuuliza, "Na wewe, baba?"

"Niende kwa nani, mwanangu?"

Akabaki kibandani, analinda mashamba ya watu kwa posho ya nafaka. Na jioni, mkinicheka mnicheke, alifagia ile njia. Hakuna ua, hakuna ushuru, hakuna wa kuvuka. Watoto wa waliomwita Fagio wakamwita Fagio. Alfajiri ya kwanza niliyomwona ameinama kusoma vumbi tupu, nililia kama mfiwa.

Tangu siku ile, kila alfajiri nilivua viatu nikaipita njia yote kwa miguu mitupu mpaka mlangoni kwake, nikaacha bakuli la dengu iliyoungwa chumvi, nikarudi. Jua likitoka anatoka, anazisoma nyayo zangu moja moja, polepole, mpaka zinamfikisha kwenye bakuli. Jioni anafagia. Hatukuongea sana. Tulifanya hivyo miaka tisa.

Asubuhi moja ya baridi nikaja na bakuli langu nikakuta nyayo zangu za jana ziko palepale, hazijafagiwa.

Sikufika mlangoni. Nilikaa hapohapo njiani nikaita "baba," nikaita tena, ndipo nikawaita watu.