Makofi ya Mama wa Padri

Studio yetu ilikuwa chumba nyuma ya duka la vitenge mjini Sumbawanga, kuta zimefunikwa trei za mayai. Mshikaji wangu aliiamini programu ya midundo, yenye vijumba vya rangi kama punje kwenye gunzi. Mimi niliiamini programu nzito ya kurekodia, ambayo ukiifungua unaweza kuinjika maharage yakaiva kabla haijafunguka. Ya tatu, ya bure, tuliidharau kwa pamoja. Hatukuwa tumemaliza wimbo hata mmoja, ila tulijua kwa nini nyimbo za wengine ni mbaya.

Asubuhi moja akaja mama kutoka Mwazye na wenzake wawili wa kwaya, wakiwa wamepanda lori la mahindi. Jumapili ile mwanawe angeadhimisha misa yake ya kwanza. Mama wa padri hukaa mbele, kwenye kiti cha heshima, wala hasimami na kwaya. Kwa hiyo alitaka sauti yake imsalimu mwanawe kupitia spika. Lori lilikuwa linarudi alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Niimbie wapi?"

"Subiri kidogo, mama," alisema mshikaji. "Tunachagua programu."

Tulichagua mpaka jua likavuka paa.

"Yako inakula kompyuta kama mgeni wa harusi," aliniambia.

"Na yako ni mchezo wa watoto."

"Na hiyo nyingine ina ugonjwa gani?" aliuliza mama.

"Ni ya bure, mama."

"Hata neema ni ya bure," alisema mwenzake, na wote watatu wakacheka.

Tukarekodi kwenye yangu. Waliimba wamechuchumaa, wakipiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, kama wanawake wa kwetu wanavyomsalimu mtu wa heshima. Sauti ya mama ilipanda kama upepo wa uwanda unaopita juu ya ulezi. Nami, kwa fahari, nikawasha kifuta kelele, kikasafisha kila kitu, nikahifadhi juu ya rekodi ya mwanzo, ikafutika.

Mama akavaa hedifoni, akasikiliza, akakunja uso.

"Makofi yangu yako wapi?"

"Yamesafishwa, mama."

"Kwani yalikuwa machafu? Mwanangu sasa ni padri. Nimsalimu mikono ikiwa mfukoni?"

Mshikaji alifurahi kuliko inavyofaa. Programu yake ilikuwa na makofi ya kila aina. Akabonyeza la kwanza.

"Hilo ni la disko," alisema mama.

Akabonyeza jingine.

"Hapo mtu kapigwa kibao," alisema mwenzake.

Nje lori likapiga honi. Programu yangu ilikuwa imeganda, yake ikiuliza kama tunataka kuiboresha. Tukafungua ile ya bure bila kutazamana usoni. Wakachuchumaa tena, wakaimba mara moja, na mama akaondoka na flashi ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Jumapili tulikuwepo kanisani. Sauti ilipotoka kwenye spika, na makofi yake yote, mama aliinama mbele kitini, akimtazama mwanawe kama anaogopa hatasikia.

"Besi imepwaya," alininong'oneza mshikaji.

"Na sauti za juu zinakwaruza," nilimjibu.

Altareni, padri aliweka kitabu chini, akachuchumaa na kanzu yake nyeupe, akakunja viganja, akamjibu mama yake.