Kofia Iliyobeba Mayai

Trafiki alipotusimamisha nje kidogo ya mji wa Mbinga, sikuwa na wasiwasi hata chembe. Leseni ninayo, bima ninayo, kofia ngumu ninazo mbili. Akazunguka polepole mpaka nyuma ya pikipiki, akamtazama mama yangu.

"Shikamoo, mama. Kofia yako iko wapi?"

"Marahaba, baba. Hii hapa."

Alikuwa ameipakata. Ndani yake, juu ya pumba za mahindi, yalikuwamo mayai kumi na mawili ya kuku wa kienyeji, zawadi tuliyokuwa tukimpelekea dada yake anayeishi ziwani, mbele ya Mbamba Bay. Wakati wa kuondoka nilihangaika na mizigo, wala sikugeuka kumwangalia.

Trafiki akacheka, kisha akaniandikia faini. Angenuna, ningelipa. Kicheko kile ndicho kilichonipandisha mori. Nikamwambia silipi, kofia ipo, twende mahakamani. Basi pikipiki ikabaki kituoni kama kielelezo, nasi tukarudi nyumbani Matiri na mayai yetu.

Nilijitakia mwenyewe. Siku ya kwanza hakimu alikuwa na udhuru. Ya pili, shahidi, yaani yule trafiki, alikuwa safarini. Ya tatu jalada halikuonekana, na karani akaniambia bila kuinua macho, "Wiki ijayo." Nilikaa kwenye benchi la nje nikinung'unika tangu asubuhi, huku mama akiwagawia karanga washtakiwa wenzangu. Kufikia mchana alizijua kesi za watu kuliko karani.

Tukirudi nyumbani, raha yote ilimwishia. Macho ya dada yake yalikuwa yanafifia, na mama alitaka yamwone yeye kabla hayajazimika kabisa. Kwenye basi hutapika njia nzima; safari ya mahakamani aliivumilia, ya ziwani ni ndefu mno, hivyo alinitegemea mimi na pikipiki. Kila kesi ilipoahirishwa aliniuliza swali lilelile: "Atakuwa bado anaona?" Niliona aibu. Ubishi wangu ulikuwa unakula siku ambazo hazikuwa zangu.

Mara ya nne tukasikilizwa. Nilieleza kwa madaha kwamba sheria inataka kofia, na kofia ilikuwapo. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akamgeukia mama.

"Kwa nini hukuivaa?"

"Mheshimiwa, barabara ile ina mashimo. Mayai yangevunjika."

"Na kichwa?"

Mama akafikiri sana. "Kichwa nimekizoea."

Mahakama nzima ikaangua kicheko, trafiki akiwamo, na safari hii hata mimi. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akanitia hatiani, akaniachia kwa onyo na kuagiza nirudishiwe pikipiki. Nilishindwa kesi, nikatoka nikitembea kama bwana harusi.

Kesho yake tukateremka ziwani. Mama alivaa kofia, mayai mapya yakasafiri kwenye kikapu, manne yakavunjika, naye akanilaumu mpaka Mbamba Bay na kupita.

Mama mkubwa alikuwa uani akianika dagaa. Aliposikia pikipiki alisimama. Mama akaenda kusimama mbele yake, kofia bado kichwani.

"Nani huyu?"

Mama akaivua. Dada yake akamshika mashavu, akausogeza uso wake mpaka pua zikakaribia kugusana, akamtazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

Mama akapiga vigelegele.