Kisanduku Kisicho na Mstari

Kompyuta ilipoletwa ofisini kwetu Mji Mkongwe, mimi peke yangu ndiye niliyejua kuchora muundo wa ofisi kwa programu ya maonyesho: visanduku vyenye vyeo, na mistari ya kuonyesha nani yuko chini ya nani. Nilijiona mtu. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu akingoja.

Masijala ya mafaili ilishikwa na bibi mmoja wa mjini, wa ukoo wa Kiarabu, ambaye Kiswahili chake hakikuteleza hata herufi. Mimi ni mtu wa kisiwa cha Tumbatu, wa lafudhi ya shamba. Siku moja kikaoni nilisema "samani ya kazi yetu", naye akanikatiza mbele ya wote: "Thamani, mwanangu. Samani ni meza na viti." Walicheka mpaka mkurugenzi. Kuanzia siku ile hata mfagizi aliniita Bwana Samani. Nilimchukia bibi yule, sina neno jengine.

Wafadhili walikuwa wanakuja kuikagua ofisi, na kwenye muundo mpya masijala iliwekwa chini ya ofisa utumishi, kijana. Bibi aliuona mchoro mezani kwangu.

"Mimi siwekwi chini ya mtoto niliyemfundisha kufunga faili," akasema. "Niondoshee msitari huo, unitie pembeni, peke yangu."

"Naam, Bi Mkubwa."

Nikaufuta mstari, nikakisogeza kisanduku chake pembeni. Angekuwa mtu mwengine ningemweleza kwamba katika mchoro ule asiye na mstari hana mkubwa, na asiye na mkubwa si wa ofisi. Yeye nilimhifadhia mchoro hivyo hivyo. Akanisifu mbele ya wenzangu kwamba nimelelewa, akaniombea dua.

Mchoro ulipoonyeshwa ukutani, mgeni mmoja aliuliza kisanduku kile ni cha nani. Mkurugenzi alibabaika. Mwezi haujesha, barua ikatoka: nafasi ya bibi haimo katika muundo, kazi yake imekwisha. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja kustaafu.

Alikuja kwangu na barua mkononi, buibui limemwenda upande.

"Basi nitie chini ya huyo mtoto," akasema polepole. "Nchoree msitari. Mkurugenzi kasema mchoro ukirekebishwa leo, barua ataifuta."

Mchoro ulikuwa wazi mbele yetu kwenye skrini. Ulihitaji mstari mmoja tu, kazi ya kubofya mara mbili. Moyo wangu ulikuwa na raha ambayo mpaka leo naionea haya. Nikamwambia mchoro ukishachapishwa, kompyuta haikubali tena kuguswa. Mkurugenzi nilimwambia hivyo hivyo, naye hakujua zaidi ya bibi.

Bibi aliitazama skrini, akakitafuta kisanduku chake kwa kidole mpaka akakipata.

"Si kosa lako, mwanangu," akaniambia, akaenda kulifunga kabati lake.