Mlango Niliowafungulia Mafundi

Siku ile naikumbuka kwa sauti ya nyundo, mwanangu. Mpaka leo nyundo ikigonga juu ya dari, mimi hutoka nje kwanza, ndipo huuliza nani anagonga. Wajukuu hunicheka. Waache wacheke.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tulikaa Malindi ya Unguja, mimi na mama yangu, ghorofa ya juu ya nyumba ya kupanga, nyumba ya mawe ya zamani, boriti za dari zimeliwa na mchwa. Baba alikuwa amefariki, na mama yumo edani: miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura, wala haonani na wanaume wa kando. Tulikuwa tumekubaliana na mwenye nyumba kwamba eda ikisha tutahama, naye aigeuze nyumba ya wageni. Alitamka mwenyewe, "Kaeni kwa amani."

Zikiwa zimebaki wiki tatu, akaja msimamizi wake, akanikuta mlangoni.

"Kesho mafundi wanaanza paa. Nataka mkihama tu wageni waingie."

Nikamwambia mama bado yumo edani. Akanitazama juu mpaka chini. "Ukiona taabu kufungua, vitu vyenu vitakuwa barazani kabla ya adhuhuri."

Yarabi, khofu iliyonishika! Akilini nilimwona mama na nguo zake nyeupe za eda amekalishwa barazani, watu wanapita wanamtazama. Nikasema ndiyo, nitafungua. Na hilo si kosa langu kubwa. Kubwa ni kwamba mama sikumwambia. Nilijidanganya ati simtii wasiwasi, kumbe mwenye wasiwasi ni mimi.

Asubuhi wakaja. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Makunduchi, mpole wa uso. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba. Neno moja tu lilitakiwa pale: ndani kuna mtu. Lakini msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake ananikodolea macho, nami nikawapisha. Wakapanda juu.

Nyundo zilipoanza, chokaa ikamwagika kama unga. Nikakimbilia chumbani kwa mama. Alikuwa juu ya msala wa kusalia, tasbihi mkononi.

"Kuna nini huko juu?"

"Mafundi, mama."

"Nani aliyewafungulia?"

Nikainua macho darini. Boriti ikalia, mlio mrefu ulionipanda mgongoni. Nikamshika mkono tutoke. Akauliza, "Ngazini kuna wanaume?" Nikamwambia wamejaa, wanapandisha mawe. Akabaki kasimama, akauvuta ushungi wake usoni. Sikupata kumwona mama yangu akiogopa kabla ya siku ile, wala baba alipokufa.

Pande la dari, kubwa kuliko sinia, likaanguka nyuma yake, pale pale kwenye msala. Vumbi likajaa, simwoni, nimeshika mkono tu. Nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote: "Ndani kuna mtu!"

Nyundo zikanyamaza.

"Mtume! Nani huyo?" Fundi alipiga kelele kutoka juu. "Mie nimeambiwa nyumba tupu!"

Akashuka mbio. Hakuingia chumbani, alisimama nje ya mlango, kaupa mgongo. "Yu hai?" Mama akakohoa. Yule mzee akajifuta uso kwa kofia yake. "Mwanangu," akaniambia, "ungenambia uliponipa shikamoo tu, nisingepanda hata ngazi moja."

Akawaondosha watu wake, kisha akaongozana nami kwa sheha wa mtaa wetu, akatoa ushahidi mwenyewe. Mwenye nyumba akaitwa. Sheha akamwambia, "Nyumba ni yako, bwana, lakini ufunguo bado uko kwao." Akaandika kwa mkono wake kwamba paa haliguswi mpaka tutoke.

Jioni ile, nikifagia kifusi, mama akaniuliza, "Uliogopa nini?"

"Watatutoa nje, mama."

"Na pande lile lingeniangukia, nisingetolewa nje kwa jeneza?"

Nikauweka ufagio chini, nikamwomba radhi.

Sasa jana nawe ulinionyesha ujumbe kwenye simu, mwenye nyumba wako anataka mafundi waingie kabla hujahama, na nilikuona ulivyonywea. Sikiliza. Kutengeneza mali yake ana haki, simkatalii. Lakini maadamu hujarudisha ufunguo, hapo ni kwako, naye abishe hodi kama mtu mwingine. Muulize kazi gani, siku gani, nani anakuja, na akujibu kwa maandishi. Ikiwa ni kazi ya kutikisa nyumba, ingoje utoke. Waambie wote ulio nao ndani, hasa mgonjwa na mzee. Akikutisha, nenda kwa sheha siku hiyo hiyo, usilale nalo. Na fundi akifika, zungumza naye wewe mwenyewe. Wengi wao ni watu wema, hawajaambiwa tu.

Mungu akupe makaazi ya salama, awahifadhi ulio nao chini ya dari yako, na siku utakaposimama mlangoni mbele ya mtu mkali, aufungue ulimi wako mapema kuliko alivyoufungua wangu. Amin, mwanangu.