Gari Lililovuta Moshi Wake

Katikati ya miaka ya tisini, magari yaliyotumika Japani yalipoanza kujaa barabarani, nami nilijinunulia langu. Lilikuwa jeupe, la dizeli, na kwenye dashibodi lilikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo sikuyaelewa lakini niliyapangusa vumbi kila asubuhi. Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi Ruiru. Kabla ya gari watu waliniita mwalimu. Baada ya gari waliniita mwalimu na kusimama kidogo, wakingoja niwaambie kama ninaelekea upande wao.

Ndiyo maana mwalimu mwenzangu alipomwoza binti yake, alikuja kuniomba nimbebe bibi harusi kutoka Kahawa Wendani hadi kanisani Thika. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilifunga riboni mwenyewe. Ni kweli kwamba kwa wiki kadhaa gari lilikuwa likitetemeka likisimama, na likitoa moshi kidogo, lakini nilijiambia dizeli ni dizeli.

Tulipovuka mto pale Ruiru na kuanza kupanda, nilikanyaga mafuta. Gari halikuongeza mwendo. Liliongeza moshi. Moshi mweusi, mzito, ulitoka nyuma kama tumechoma matairi, na nyuma yetu hatua chache kulikuwa na pikapu ya wazi iliyobeba wasimamizi wanane wa bibi harusi, wote wamevaa nyeupe.

Pikapu ilipiga honi. Mimi nilidhani wanashangilia, nikajibu kwa honi.

Tulipofika kanisani, shangazi ya bibi harusi alishuka kutoka kwenye ile pikapu akiwa na gauni lililokuwa jeupe, sasa la rangi ya jivu, na macho mekundu. Akanijia polepole.

"Mwalimu," akasema, "hii ni harusi ama tumekuja kuchoma makaa?"

Picha zilipigwa hivyo hivyo. Sijawahi kuomba nakala.

Jumatatu nilimpelekea gari fundi wa mtaa wa Kimbo, mtu aliyeheshimika sana kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Alifungua boneti, akasoma kibandiko cha Kijapani kwa kidole, mstari kwa mstari, akitikisa kichwa kama daktari aliyeletewa majibu ya maabara.

"Ni nozo," akasema.

Tukabadilisha nozo, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini. Moshi ukabaki.

"Nilijua," akasema. "Nozo zilikuwa zinaficha ugonjwa wa pampu."

Pampu ya dizeli ikapelekwa Thika, ikapimwa, ikarudi. Moshi ukabaki, na sasa gari lilikuwa pia linazima likifika kwenye matuta. Nikamwuliza kama huenda pampu haikuwa na shida.

"Mwalimu, kwani mimi nakuuliza vitu za shule?"

Nilikuwa na diploma, yeye alikuwa na spana. Wiki iliyofuata alitangaza kwamba ni ringi za injini, na kwamba itabidi injini yote ishushwe chini. Alilisema hilo kwa furaha ambayo haikunipendeza.

Jumamosi moja, kabla injini haijashushwa, mke wangu alinituma na gunia la mahindi kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwa fundi huyo huyo. Mwenye mashine alikuwa mama mfupi, mwenye leso kichwani na unga kwenye nyusi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiitengeneza injini yake ya dizeli kwa mikono yake. Nilirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni. Alitoka mbio.

"Zima hiyo kitu! Unataka watu wangu wale ugali nyeusi?"

Nikazima. Nikaomba msamaha. Nikamweleza habari ya nozo, pampu na ringi. Alinisikiliza akipangusa mikono, kisha akasema, "Washa tena. Lakini geuza matako ya gari upande ule wa fundi."

Nikageuza. Akaangalia ule moshi kidogo.

"Hii ni nyeusi. Ringi zikiisha moshi ni ya bluu. Hii inakula mafuta na haipati hewa." Akatoa chujio la hewa, akalipeleka kwenye mwanga. Lilikuwa safi. Kisha akapitisha kiganja juu ya bomba ambalo hewa huingilia kwenye injini, akakitoa haraka.

"Haiya! Hapa si ndiyo hewa inaingia? Mbona ni moto kama sufuria?"

Akafuata kwa kidole paipu ndogo iliyotoka kwenye ekzosti, bomba la kutolea moshi, ikapita kwenye vali, mlango mdogo unaofunguliwa kwa mpira mwembamba wa hewa, na kurudi tena upande wa hewa. Fundi, ambaye moshi ulikuwa umemfikia, alivuka barabara.

"Hiyo usiguse, mama. Wajapani hawaweki kitu bure."

"Sijasema ni bure. Nasema imekwama wazi."

Akachomoa ule mpira, akauweka kando. Vali haikujifunga; injini iliendelea kutetemeka vile vile. Akaenda ndani, akarudi na kipande cha bati alichokikata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Alizima injini, akalegeza boliti mbili, akachomeka bati kuziba njia ya moshi, akakaza. Nikawasha.

Injini ilitulia. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, na nyuma hakukutoka kitu cha kuzungumziwa. Wateja waliokuwa na madebe ya mahindi walipiga makofi. Fundi aliinama kukagua tairi.

"Mwalimu," mama akaniuliza, "ukifunika mshumaa na glasi, mshumaa unazimika kwa nini?"

"Kutokana na upungufu wa oksijeni," nikajibu kama ninasoma ubaoni.

"Sasa injini yako ilikuwa inavuta moshi yake yenyewe siku zote. Msichana wangu ndiye aliniambia hiyo ya mshumaa. Anasema alifundishwa na wewe."

Nikazima injini. Mama akafungua vali. Ndani masizi yalikuwa yameganda kama ukoko. Aliyakwangua kwa waya, akaosha kwa mafuta ya taa, hadi kile kipini cha ndani kikaanza kupanda na kushuka. Kisha akatoa bati lake na kurudisha kila kitu mahali pake.

"Mbona usiache bati?" nikauliza.

"Hiyo vali waliiweka na sababu yao. Ilikuwa chafu tu, haikuwa mbaya. Na uache kuendesha nyumba hadi shule, shule hadi nyumba. Ipeleke Thika mara moja moja ipumue."

Fundi aliomba lile bati alitazame, akaondoka nalo. Kabla mwezi haujaisha alikuwa akiziba kwa bati kila gari lililosimama kwake, likiwemo lililoletwa kwa ajili ya taa.

Lakini siwezi kumcheka sana. Katika chumba cha walimu nilisimulia kisa hiki, na kila nilipokirudia yule mama alizidi kuwa mfupi, hadi siku moja akatoweka kabisa na mimi ndiye niliyeweka kiganja kwenye bomba. Mwalimu mkuu alivutiwa. Alinialika nje, akafungua boneti ya gari lake lililokosa nguvu, akasimama kando na walimu wengine sita.

Niliweka kiganja kwa ujasiri kwenye bomba la kwanza nililoliona. Lilikuwa ekzosti.

Nilienda nyumbani, mke wangu akanipaka dawa ya kuungua na kunifunga bandeji, nikarudi shuleni, na mwalimu mkuu, kwa maelekezo yangu, akaenda kwenye mashine ya kusaga. Alirudi kabla ya kipindi cha alasiri. Gari lake lilikuwa la petroli na halikuwa na vali yoyote ya namna ile. Mama alilitazama chujio la hewa, akaligonga kwenye nguzo mara mbili, vumbi likatoka, akamwambia aende.

"Amekuulizia," mwalimu mkuu akasema, akiitazama bandeji yangu. "Amesema pole ya mkono."