Mwendo wa Saa Saba Kasoro Dakika Tano

Basi lilitushusha wawili, mimi na mwanamke wa makamo aliyebeba kopo la rangi ya njano, mbele ya kiwanda cha kupasulia mbao ambacho hakikuwa na mbao wala mtu. Nilikuwa nimefungua kijitabu changu kwenye ukurasa wa tisa, natafuta njia inaanzia wapi. Yeye hakutafuta kitu. Alisimama kando ya barabara akilitazama basi likiondoka, na lilipotoka tu, akavuta kijiti cha saa yake ya mkononi na kuirekebisha.

“Saa tatu kamili,” alisema. “Una kijitabu changu.”

Nilimwambia nimekinunua stendi jana. Akasema anajua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekiandika, na kwamba nimekishika juu chini.

Watu wa stendi wanamwita Mama Dakika. Alikaa miaka ishirini na sita nyuma ya dirisha la tiketi, na katika miaka hiyo, alivyonisimulia tulipoanza kupanda, abiria walimuuliza maswali ya aina mbili. La kwanza, basi linaondoka saa ngapi. La pili lilikuwa la wageni na watu wa mjini waliochoka na mji: basi hili linaweza kunifikisha mahali ambapo naweza kutembea kwa miguu milimani, halafu likanirudisha jioni? La kwanza alikuwa na jibu lake. La pili lilimkera kwa sababu hakuwa nalo. Basi siku zake za mapumziko akaanza kupanda mabasi hadi vituo ambavyo hakuna anayeshuka, akatembea, akarudi, akaandika. Leo kijitabu kina njia kumi na moja, na kila moja amepaka alama zake mwenyewe: mstari wa njano kwenye jiwe, au kwenye mti pale ambapo mawe yamekosekana.

Kanuni yake ni moja, na imeandikwa ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa: UNAKWENDA NA BASI, UNARUDI NA BASI. Njia ambayo yeye mwenyewe hawezi kuimaliza kabla basi halijaondoka haiingii kijitabuni, hata iwe nzuri namna gani. Nilimuuliza kama ni haki kupima njia kwa miguu ya mtu mmoja, tena mwenye miaka sitini na mitatu. Alisema kijana hahitaji kijitabu. Kijana anapotea na anarudi mwenyewe.

Nimetembea na vijitabu vya njia vya lugha nyingi, na vingi vimeandikwa na watu ambao ni dhahiri walipita kwa gari. Chake kinakwambia kwamba kwenye kona ya tatu utataka kukaa, na kwamba usikae, kuna siafu.

Siku hiyo hakuja kutembea. Alikuja kujitetea. Mwezi uliopita walimu wawili, mume na mke, waliifuata njia ya ukurasa wa tisa kama ilivyoandikwa, wakafika kituo cha mwisho, upande wa pili wa mlima, saa kumi na dakika kumi na moja. Basi la mwisho huondoka saa kumi kamili. Walilala kwenye kibanda cha abiria, kisha wakaandika barua ya kurasa tatu kwa ofisi ya mabasi, ambayo ndiyo inayochapa kijitabu. Ofisi ikamwambia Mama Dakika kwamba toleo jipya linakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa. Kama hawezi kuthibitisha ule mwendo, ukurasa wa tisa utatolewa.

“Ukurasa ukitoka, njia imekufa,” alisema. “Watu wasipokanyaga mwaka mmoja, majani yanafunika. Hii ndiyo njia yangu ya kwanza. Hizo nyingine kumi nilizitafuta kwa sababu hii ilinipa kiburi.”

Nikamuuliza anadhani walimu walikosea wapi.

“Walimu wanatembea kama wanasahihisha madaftari. Wanasimama kila mstari.”

Kijitabu kinasema mwendo wa saa saba kasoro dakika tano. Toleo la kwanza, alilolitoa akiwa na miaka arobaini na kitu, lilisema saa sita na nusu. Kila mwaka alirudi kuipima, na kila mwaka mwendo ukaongezeka dakika tano, dakika saba, na kila mwaka aliandika alichopata bila kujionea huruma. Kisha, miaka miwili iliyopita, mwendo ukaacha kuongezeka. Alifurahi. Alidhani mwili umeona haya.

Tulipofika mgongoni mwa mlima kulikuwa na kibao chake: kutoka kituoni, saa tatu. Alitazama saa yake ya mkononi. Sita na dakika tisa.

“Imeanza,” alisema.

“Nini?”

“Kukimbia. Huwa inaanzia hapa kwenye mwinuko. Asubuhi nimeirekebisha kwa basi, umeniona. Nikifika kule chini itakuwa imezidi kama dakika ishirini, narekebisha tena kwa basi. Nimeipeleka kwa fundi saa mara mbili. Mara ya kwanza alisema haina kitu. Mara ya pili alisema labda ni baridi.”

Nilitazama simu yangu. Sita na dakika tisa. Nikairudisha mfukoni. Kuna mambo ambayo mgeni hayasemi kabla ya kula, nasi tulikuwa hatujala. Alitoa mayai ya kuchemsha na mkate, akatupatia dakika kumi na mbili, na zilipokwisha alisimama huku mimi nikiwa na yai mdomoni.

Upande wa pili wa mlima njia inateremka kwa mawe yaliyolegea, na hapo ndipo nilipoona magoti yake. Alishuka kiupande, kama anayeshusha kabati kwenye ngazi na kabati ni yeye mwenyewe. Hakulalamika. Kila penye alama iliyofifia aliinama, akafungua kopo, akapaka, akafunga kopo, akainuka kwa awamu. Alikuwa amenieleza kwamba dakika za rangi anazitoa kwenye hesabu. Nilizihesabu. Zote pamoja hazikufika sita.

Bonde lilipojitokeza tuliliona basi, dogo, jeupe, limesimama mbele ya duka moja na nyumba nne. Saa yake ilisema kumi na dakika tatu. Alisema unaona, inazidi kukimbia, basi lile pale. Akaendelea kushuka kwa mwendo uleule, kama mtu mwenye haki yake.

Tulipofika, dereva alikuwa amelala nusu mwili chini ya basi, anakagua tairi la nyuma. Alikuwa ameligonga, amelisikiliza, sasa analiangalia. Ndani abiria walikuwa wamekaa tayari, wengine wamesinzia. Dereva aliinuka akafuta mikono.

“Shikamoo mama. Umefika vizuri? Nilikuwa namalizia tairi.”

“Marahaba baba. Tairi lina nini?”

“Halina kitu. Nakagua tu.”

Dereva ni mwanawe wa kwanza. Alipewa gari la jioni la njia hii miaka miwili iliyopita. Nilikuwa napiga hesabu hiyo kichwani, polepole kwa uchovu, na nadhani Mama Dakika angepitisha siku nyingine bila kuipiga, kama si bibi mmoja aliyekaa dirishani na kapu la vitunguu mapajani. Bibi huyo alikuwa na safari yake na alikuwa amengoja vya kutosha.

“Panda mwenzangu, twende,” alimwambia. “Tairi za gari hili huumwa siku zako tu. Ukishafika wewe zinapona.”

Ndani ya basi wawili watatu walicheka. Dereva alitazama viatu vyake.

Mama Dakika hakucheka na hakukasirika. Alisimama na mkono mmoja kwenye mlango wa basi. Halafu akanigeukia.

“Simu yako inasema saa ngapi?”

“Kumi na dakika kumi na tisa.”

Aliinua mkono wake akaitazama saa yake kwa muda mrefu, kama unavyomtazama mtu uliyemsingizia wizi kwa miaka miwili. Kumi na dakika kumi na tisa.

Akamuuliza mwanawe kama siku ya wale walimu pia alikagua tairi. Mwana akasema hapana, siku ile aliondoka kwa wakati. Aliisema kwa fahari kidogo, kabla hajajua inakompeleka.

“Mama, magoti yako,” alisema kisha. “Ningefanyaje? Nikuache porini?”

“Ndiyo.”

“Wewe ni mama yangu.”

“Hapa ni abiria. Ingia kwenye gari uende. Mimi sijafika.”

“Lakini umefika, umesimama hapa.”

“Nimefungia watu dirisha miaka ishirini na sita. Wengine walikuwa na watoto mgongoni. Nenda, baba. Watu wanakungoja.”

Dereva alinitazama mimi, nadhani akitumaini kwamba mgeni ana akili. Nikainua mguu kupanda. Mama Dakika akauliza kama mimi nilifika kabla yake. Nikasema tulifika pamoja. Akasema basi na wewe hujafika. Nikaushusha mguu.

Basi likaondoka. Bibi wa vitunguu alitupungia mkono kwa heshima kubwa.

Mwenye duka alituazima mablanketi mawili na hakuuliza swali. Alisema mwezi uliopita aliwaazima walimu hayohayo. Kwenye kibanda cha abiria kulikuwa na benchi moja. Walimu walikuwa wametumia nusu ukurasa wa barua yao kulieleza, jinsi lilivyo fupi na jinsi msumari wa tatu ulivyochomoza. Mama Dakika alijilaza, akajikunja, akajinyoosha, miguu ikatokeza nje.

“Kuhusu benchi,” alisema, “hawakudanganya.”

Nilijilaza sakafuni. Alisema, si kwangu hasa, kwamba mwaka juzi alikuwa amewaambia watu stendi kwamba hazeeki tena.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka na yeye alikuwa amekaa wima kwenye benchi, kijitabu kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. Alinipa nisome kanuni yake kwa sauti. Nikasoma. Unakwenda na basi, unarudi na basi.

“Mahali gani pameandikwa basi la siku ileile?”

Nilitazama pande zote za karatasi. Hapakuandikwa.

“Nilisahau kuandika,” alisema. “Siongezi sasa.”

Akachukua kalamu, akakata dakika zake za zamani kwenye ukurasa wa tisa, akaandika pembeni: mwendo wa saa saba na dakika ishirini. Akafikiri, akaongeza chini: Beba blanketi. Akafikiri tena, akaongeza: Msumari wa tatu.

Ukurasa akauchana kwenye kijitabu changu, akaukunja mara nne, akanipa. Nimkabidhi dereva wa basi la saa nne, aufikishe ofisini kabla ya Ijumaa. Yeye hangoji basi. Vibao vyote vya njia ile vina uongo, alisema, na mtu anaweza kuja leo. Nilimkumbusha kanuni yake. Akajibu kwamba hii si matembezi, hii ni kazi. Nilimkumbusha magoti. Akajibu kwamba kupanda hayajali, kinachoyaumiza ni kushuka, na huko atatumia muda wote yanaotaka kwa sababu hakuna anayemngoja.

Aliinuka kwa awamu, akakaza kifuniko cha kopo, akainua saa hadi sikioni kuisikiliza. Hakugusa kijiti chake.

“Mwambie mwanangu,” alisema, “leo asikague tairi.”

Nilibaki kwenye benchi na kisigino kilichochubuka, mablanketi mawili ya kurudisha, na kijitabu chenye njia kumi. Kwenye jiwe la kwanza alisimama, akainama. Nilimwona akipaka kitu, nadhani tarakimu mpya, kwa dakika tatu hivi. Kisha akatazama saa yake na kuanza kupanda.