Gazeti letu la kaseti kwa wasioona Dodoma, na ile side B iliyosikika mpaka Gulwe

Wakuu, salaam kwenu, wachangiaji na ninyi mnaosoma kimya kimya halafu mnaondoka.

Juzi humu niliona watu wanacheka kwamba asiyeona akitokea Dodoma kazi yake inajulikana, ni kukaa barabarani Dar na kopo. Niliumia. Nikasema ngoja niandike kitu nilichokishuhudia mwenyewe. Chumvi sijaongeza. Atakayesema hii ni chai, basi sukari alete yeye.

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma mjini. Babu zetu walikuja na misafara ya biashara, wakapapenda, wakabaki, ndiyo maana ukoo wetu kila mtu ana kibanda cha kuuza kitu. Changu miaka ya tisini kilikuwa cha kurekodi kaseti, jirani na soko. Unanitajia nyimbo zako, kesho unapita kuchukua.

Nilikuwa na deki kali sana ya kutoka Dubai, maana biashara ilikuwa imefunguliwa na vitu vinaingia. Ilikuwa inakopi kaseti kwenda kaseti, na ikimaliza side A inageuka yenyewe na kuendelea na side B bila kuguswa. Nilijivunia ile deki kuliko wengine walivyojivunia magari. Shikeni hilo la kugeuka yenyewe, tutarudi.

Ni wakati huohuo magazeti yaliota kama uyoga. Vyama vingi, mashirika yanauzwa, kila wiki gazeti jipya. Mjini watu walikuwa wanabishana kutwa nzima.

Siku moja akaingia dada mmoja anaitwa Upendo, mpiga chapa wa ofisi fulani.

"Kaka Shabani, unaweza kumrekodi mtu anasoma gazeti?"

"Naweza kumrekodi hata jogoo, dada. Ila nani atanunua?"

"Haiuzwi. Ni ya baba yangu, yuko Gulwe. Zamani alikuwa anasoma mpaka karatasi iliyofungiwa maandazi. Sasa macho hayapo, anasubiri mpita njia amwambie dunia imefikia wapi."

Nikakubali, nikijua ni mara moja tu. Thubutu. Baba yake akawaambia wenzake, wenzake wakatuma salamu, na ndani ya muda mfupi tukawa na wasikilizaji Gulwe, Buigiri na Haneti.

Tulikuwa volunteers watatu. Upendo wa kuchagua habari, mimi wa mitambo, na msomaji wetu Mwalimu Kasian, mstaafu wa Kiswahili, mwenye sauti nzito ya kanisani. Shida yake moja, akikutana na gazeti alikuwa anasoma kama anawahi treni.

Jumamosi mchana tunafunga mlango wa kibanda, tunarekodi. Kaseti za Gulwe zinaenda na treni, za Buigiri na Haneti tunawapa makondakta wa mabasi. Hawakuwahi kututoza, Mungu awalipe.

Sasa cheka hapa kidogo. Kaseti za kwanza Mwalimu aliziandika majina kwa biro, mwandiko wa kupinda vizuri: toleo gani, side ipi, nani kasoma. Tukazisifia sisi wenyewe. Baba yake Upendo akatuma ujumbe: "Mwambieni aliyeandika kwamba mwandiko wake nimeusikia ni mzuri." Watu wazima watatu, tunahudumia wasioona, tumewaandikia kwa biro.

Upendo ndiye aliyetuokoa. Alienda sokoni kununua shanga, zile wanazovaa akina mama wa Kigogo, tukazibandika kwa gundi. Ushanga mmoja, side A. Ukipapasa hukuti kitu, hiyo ni side B.

Kaseti zilikuwa ghali, kwa hiyo msikilizaji akishasikiliza anairudisha, tunarekodi juu yake. Tulikuwa tunajaza side A peke yake. Basi wenye redio kaseti za kurekodi wakaanza kutujibu kwenye side B. Wengine salamu, wengine kutukosoa, mmoja wa Buigiri alituimbia. Tulikuwa tunazisikiliza sisi watatu kabla ya kuzifuta.

Ndipo tukamfahamu Sechelela.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Haneti. Ugonjwa wa vikope ukamla macho taratibu mpaka akaacha kazi, akarudi kukaa kwa kaka yake. Side B yake ya kwanza ilianza kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi. Ninyi mnasoma vizuri lakini mnakimbia. Mimi huku nasimamisha kaseti kila baada ya sentensi, nawaeleza watu."

Watu gani? Tukaja kujua kwamba gazeti lilikuwa halifiki kijijini kwao kabisa. Majirani wenye macho yao mazima walikuwa wanajaa uani kwake kusikiliza. Na Kiswahili cha magazeti mnakijua wakuu, neno moja lina urefu wa reli. Yeye anabonyeza, anafafanua kwa maneno ya kawaida, mengine kwa Kigogo, halafu anaendelea.

Tukampenda. Kaseti ya Haneti ikirudi tunaifungua ya kwanza.

Halafu ikaja ile moja. Sauti ilikuwa ya chini.

"Upendo, hili ni la kwenu ninyi watatu. Mvua imetukataa tena. Kaka amesema baada ya mavuno, hayo kidogo yatakayopatikana, nitapelekwa Dar nikakae barabarani, kama walivyopelekwa wengine. Simlaumu, ana watoto na ghala halina kitu. Lakini mimi nimefundisha watoto wa watu kusoma. Sitaki kunyoosha mkono. Sijui nimwambie nani mwingine."

Upendo alilia palepale. Mwalimu Kasian akasema ataenda Haneti kumpa kaka mtu somo. Nikamuuliza, ukishampa somo utampa na unga? Na mavuno yalikuwa yanakaribia.

Wiki ile nikapata safari ya Kondoa, harusi ya binamu. Nikamwachia Mwalimu ufunguo na maelekezo yote ya deki. Akarekodi habari vizuri tu, juu ya kaseti iliyokuwa karibu na mkono wake.

Ilikuwa ni ile ya Sechelela.

Side A akaweka habari mpya. Side B hakuigusa, maana kuifuta ilikuwa kazi yangu. Akaiweka kwenye deki ikopiwe kwenye kaseti za wasikilizaji, akabonyeza, akaketi kunywa kahawa. Deki yangu ya fahari ikamaliza side A, ikageuka yenyewe kama ilivyofundishwa, ikakopi na side B. Kaseti zote. Gulwe, Buigiri, mpaka Haneti kwenyewe.

Tulijua kaseti zilipoanza kurudi. Ya kwanza ilikuwa ya baba yake Upendo: "Binti wa Haneti, mimi sikujui. Usiende barabarani. Mimi huku Gulwe nimekusikia." Tukatazamana. Upendo akaikimbilia ile kaseti ya kukopia iliyobaki kabatini, akaiweka side B, na tukaisikia ile sauti ya chini.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Mtu amekuamini na siri ya nyumba yake, wewe umeisambaza kwa treni na basi. Mwalimu Kasian aliketi kwenye kreti la soda akavua miwani. Kaseti ya Haneti haikurudi. Kwa aibu, wiki iliyofuata hatukutuma chochote.

Jumamosi ya baada ya hapo tupo kibandani hatuna la kufanya, akaingia mwanaume mrefu, shuka begani, fimbo ya ng'ombe mkononi, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Wewe ndiye wa kaseti?"

"Ndiyo mimi. Karibu kaka."

"Mimi ni kaka yake Sechelela."

Mwalimu Kasian akarudi nyuma mpaka kwenye kabati. Mimi nikaangalia fimbo. Upendo peke yake ndiye aliyemvutia kiti, akampa maji. Jamaa akanywa, akafuta mdomo.

"Siku ile watu walijaa," akasema. "Mimi nimeegemea zizi. Habari zimeisha, hakuna aliyenyanyuka, kaseti ikageuzwa. Dada akajisikia mwenyewe. Mkono wake ukatafuta pa kuzima, mama mmoja akaushika. Akasema, acha, tusikie."

Akaiegesha fimbo ukutani.

"Ikaisha. Hakuna aliyenitazama. Bora wangenitukana. Kisha balozi wetu wa nyumba kumi akaniuliza, huyu akienda Dar, habari tutaelezwa na nani? Utatueleza wewe? Na mimi, bwana, kusoma sijui."

Akamrudishia Upendo kikombe.

"Basi wazee wakakaa. Wakasema anayekuja kusikiliza asije mikono mitupu. Mwenye mtama alete mtama, mwenye betri alete betri. Na msimu huu shamba lake na langu yatalimwa kwa ujima. Dada haendi."

Upendo akaanza kumwomba radhi kwa niaba yetu. Yule jamaa akainua mkono.

"Hayo ya nyumbani yameisha. Mimi nimetumwa na kijiji. Kaseti ya wiki hii mbona haijafika? Watu wamekaa tangu juzi, wanadhani kondakta kaiiba."

Mwalimu Kasian akacheka mpaka akashika kabati. Mimi nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, na sioni haya kulisema.

Kumbe alikuwa na kaseti shukani. Side B yake ilikuwa na sauti ya Sechelela:

"Mbukwenyi. Nilikasirika, nataka mlijue hilo. Yale maneno niliwaambia ninyi, sikuiambia dunia. Lakini yametoka, na tangu yatoke nalala usingizi. Sasa tuongee kazi. Mwalimu Kasian nampa shikamoo yake, lakini apumzike. Nakuja mjini. Upendo atanisomea mimi kwanza, polepole, kisha habari nitaisema mwenyewe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku za kurekodi alikuwa anakuja na basi, kaka yake pembeni. Upendo anasoma, Sechelela anasikiliza kichwa kimeinama, anauliza maswali mawili matatu, halafu ananiambia, "Shabani, bonyeza."

Siku moja gazeti limeandika safu nzima kuhusu ubinafsishaji wa mashirika ya umma. Yeye akasema: "Kile kiwanda tulichoambiwa ni chetu sote, sasa kinatafutiwa mwenyewe. Ulizeni ni nani, na ulizeni mapema." Mwalimu Kasian, aliyekuwa ameketi kwa uchungu wa kuvuliwa cheo, akapiga goti lake kwa kiganja. Tangu siku hiyo akawa mbandika shanga wetu mkuu, na kazi hiyo hakumwachia mtu.

Ikasambaa. Vijiji ambavyo hata hatukuwa na msikilizaji asiyeona vikaanza kuagiza. Nilikuwa na wateja wa muziki wanachukua nyimbo zao halafu wananiuliza kwa sauti ya chini, "Na ile ya yule dada ipo?" Nikawa nawarekodia watu wa mjini wenye macho mawili na gazeti mkononi, kwa sababu wamesoma hawakuelewa.

Baadaye Sechelela alienda Buigiri kujifunza nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, na aliporudi Haneti shule yake ya zamani ikampokea tena darasani. Siku aliyonipa habari hiyo aliisema kwenye side B, kisha akaongeza, "Hii msiifute. Hii muikopi." Nikaiweka kwenye deki nikiwa na akili zangu zote, pande zote mbili, na sikuacha kijiji hata kimoja.

Gazeti letu liliendelea mpaka redio zilipokuwa nyingi na kaseti zikaanza kupotea madukani. Upendo alihamishwa kikazi. Mwalimu Kasian ametangulia mbele ya haki, na walioimba kwenye mazishi yake wengi walikuwa wasioona.

Nilichojifunza nakisema kwa kifupi, maana mimi si mtu wa mahubiri. Sisi tulidhani tunawapelekea habari watu waliokosa. Kumbe aliyejua kuisema habari alikuwa kule uani, na tulikuwa tunamfuta kila wiki ili tupate nafasi ya kumsomea.

Miaka mingi baadaye nilipita Haneti na mzigo wa biashara. Nikashuka, nikamuuliza binti mmoja aliyekuwa anapepeta mtama, nyumba ya yule dada asiyeona ni ipi?

Akafikiri. Akamuuliza mama yake ndani. Mama naye akafikiri.

"Huyo hapa kwetu hatuna, baba," akasema. "Labda unamtafuta Mwalimu?"

Uwanja ni wenu wakuu. Najua humu hawakosi waliofundishwa naye, na wale wa Gulwe na Buigiri mliokulia kwenye nyumba zenye kaseti ya shanga. Jitokezeni mseme mlichokisikia.